Yeriko, Mji wa Yoshua na wa Zakayo

Jioni moja, baada ya Rozari, tulisoma nyumbani Kitabu cha Yoshua, sura ya sita. Watoto walifurahi kusikia habari za tarumbeta na kuta zilizoanguka. Lakini nilipofika pale pasemapo kwamba watu wote wa mji waliuawa kwa amri ya Mungu, wakubwa na wadogo, hata ng'ombe na punda, binti yangu mdogo akaniuliza: "Baba, hata watoto wachanga? Mungu ndiye aliyesema?" Mke wangu akanitazama. Nikafunga kitabu, nikasema, "Usiku umeingia, nendeni mkalale." Lilikuwa jibu la mwoga, nami nilijua.

Basi, nilipojaliwa kwenda kuhiji Nchi Takatifu, swali lile lilikwenda pamoja nami.

Kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ni kuteremka tu. Yerusalemu uko milimani, kama meta 750 juu ya usawa wa bahari. Yeriko uko kama meta 250 chini ya usawa huo. Njiani ni jangwa, mawe na vumbi. Halafu, ghafula, waona majani mabichi: mitende, michungwa, na migomba kama ya kwetu! Chemchemi moja ndiyo inayoulisha mji huo tangu zamani za kale. Wakazi wake leo ni Wapalestina, nao wanauza tende na ndizi kando ya barabara.

Karibu na chemchemi kuna kilima cha udongo kiitwacho Tell es-Sultan. Huo ndio Yeriko wa kale, miji mingi iliyojengwa mmoja juu ya mwingine. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Mwingereza, John Garstang, alichimba hapo, akadhani ameziona kuta zilizoanguka mbele ya Yoshua. Lakini mama mmoja, Kathleen Kenyon, alichimba tena kati ya 1952 na 1958, akaonyesha kwamba kuta zile zilikuwa za kale zaidi, kwa miaka kama elfu moja. Aliona pia mnara wa mawe wenye ngazi ndani yake, uliojengwa miaka kama 8,000 kabla ya Kristu. Lakini ukuta mkubwa wa siku za Yoshua hakuuona. Wataalamu wengi husema kwamba wakati ule mahali pale palikuwa na watu wachache sana, au hapakuwa na mtu.

Je, Biblia imetudanganya? La, hasha. Kitabu cha Yoshua kilitungwa katika hali tunayoisoma leo miaka mingi baadaye, ili kuwafundisha Waisraeli wamtegemee Mungu peke yake na kuikimbia miungu ya uongo. Nacho kinasema kwa lugha ya vita ya zamani zile. Nilisimama juu ya kilima, nikatazama mashariki, ng'ambo ya Yordani, kwenye milima ya Moabu. Huko, mwaka 1868, liliokotwa jiwe la mfalme Mesha, aliyetawala karne ya 9 kabla ya Kristu. Juu ya jiwe hilo anajisifu kwamba aliuteka mji wa Nebo, akawaua Waisraeli 7,000, wanaume kwa wanawake, kuwa wakfu kwa mungu wake Kemoshi. Kumbe, ndivyo walivyosema wafalme wa nchi zile, kila mmoja kwa mungu wake.

Kanisa limelifikiri sana jambo hili. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba Mungu ni Bwana wa uhai, hawezi kuamuru lisilo haki. Origenes wa Aleksandria, katika karne ya 3, aliwaambia Wakristu wavisome vita hivyo kama mfano wa vita vya rohoni: adui wa kuangamizwa bila kubakiza ni dhambi zetu wenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema kwamba vitabu vya Agano la Kale vina mambo yasiyo kamili na ya muda, ila vyaonyesha jinsi Mungu anavyowafundisha watu wake. Na Papa Benedikto wa 16, mwaka 2010, alikiri kwamba zipo kurasa ngumu za ukatili, na kwamba zisomwe katika mwanga wa Kristu.

Si maneno ya wasomi tu. Mwezi wa Julai 1099 askari Wakristu waliizunguka Yerusalemu kwa maandamano, miguu mitupu, kama Waisraeli walivyoizunguka Yeriko. Baada ya siku chache waliuvunja mji, wakaua Waislamu na Wayahudi, hata wanawake na watoto. Walijua kusoma habari za Yoshua, lakini walimsahau Kristu.

Mwisho tulipelekwa mjini kuona mkuyu. Ndiyo, mkuyu, mti ule ule tunaouona kwetu kandokando ya mito. Hapo wahujaji hukumbuka habari za Zakayo. Nikawaza: jina la Yesu na jina la Yoshua ni jina moja, maana yake Mungu anaokoa. Yoshua wa kwanza alifika Yeriko na upanga. Yoshua wa pili alifika akamponya kipofu njiani, akaingia nyumbani kwa mtu aliyechukiwa na mji mzima, akawa mgeni wake. Na Rahabu, mwanamke wa Yeriko aliyewapokea wageni, Mtakatifu Mateo anamtaja katika ukoo wa Bwana wetu!

Niliporudi nyumbani nilimwita binti yangu. Nikamwambia: "Mwanangu, swali lako lilikuwa jema. Watu wa kale walimjua Mungu kidogo kidogo, nasi hatuelewi yote. Ukitaka kumwona Mungu alivyo, mtazame Yesu. Yeye aliwakumbatia watoto. Basi mtu yeyote akikuambia Mungu anataka tuwaue jirani zetu, usimsadiki."

Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Baba, basi tusome habari za Zakayo."

Tukasoma.