Kuzamia Nungwi: Na Mtoto Naye?

Likizo imesainiwa, na safari hii mmekubaliana watoto hawaachwi kwa bibi. Boti ya kasi kutoka Dar inawafikisha Unguja kwa saa mbili hivi, halafu ni zaidi ya saa moja kwa gari hadi Nungwi, kaskazini kabisa. Raha ya huku ni kwamba mnaoga hata maji yakitoka. Pwani ya mashariki yakitoka, yanawaachia mchanga na mwani.

Mzozo huanzia kwenye duka la wazamiaji. Ubao unatangaza safari ya Mnemba, kisiwa kidogo mbele ya Matemwe chenye matumbawe, kasa na samaki wa kila rangi. Baba keshaanza kujipima viatu vya mapezi. Mtoto wa miaka 8 anauliza, "Na mimi je?" Mama kanuna.

Jamani, msigombane. Kwa kanuni za PADI, shirika kubwa la mafunzo ya uzamiaji, mtoto wa miaka 8 anaruhusiwa kuonja tu: kina kisichozidi mita 2, mwalimu yuko pembeni yake. Kozi ya cheti huanzia miaka 10. Hadi afike 12, mwisho wake ni mita 12, tena akiwa na mzazi mwenye cheti au mwalimu. Kwa hiyo Mnemba na mtungi mgongoni, wa miaka 8 bado.

Kwa nini masharti yote haya? Chukua puto, lijaze hewa ukiwa mita 10 chini, kisha lipandishe. Likifika juu litakuwa limekua mara mbili. Mapafu nayo ni hivyo hivyo. Mzamiaji akishtuka, akabana pumzi na kukimbilia juu, yanaweza kupasuka. Mtu mzima hufundishwa asibane pumzi hata akiogopa. Mtoto akiogopa, je, atakumbuka? Masikio pia: njia zake za hewa bado nyembamba, na akiwa na mafua hazifunguki vizuri. Mwenye pumu, kifafa au tatizo la moyo aanzie kwa daktari.

Sasa mtazame mwanao. Anaogelea bila kushikwa? Anafuata maelekezo mara ya kwanza? Na muhimu kuliko yote, anaweza kumwambia mtu mzima "sitaki, naogopa"? Anayezama ili kumfurahisha baba hayuko tayari, hata akiwa na miaka 12. Kwa mwalimu, ulizeni anachukua watoto wangapi kwa mara moja. Akijibu kwa kuzungukazunguka, ondokeni.

Wa miaka 8 mpeni miwani, mrija na jaketi la kuokolea. Akiwa juu juu tu, Mnemba bado ataona samaki tele, na mama atatabasamu.

Waliozamia kwa mitungi wasipande ndege kabla ya saa 18 kupita. Mkirudi Dar kwa boti, hilo haliwahusu.