Saa ya Nne Kwenye Mashine

Akina mama wapendwa, baadhi yenu huketi nasi katika chumba cha kusafishia damu, mkimngoja mume au mtoto ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Ombi tunalolisikia mara nyingi ni hili: "Sista, amekaa saa tatu sasa, mtoe tu. Gari la nyumbani litatuacha." Hatukasiriki. Shida ya nauli tunaijua, na uchovu wa mgonjwa tunauona.

Lakini kujisikia vizuri si kipimo. Mgonjwa huweza kuinuka mwepesi kwa kuwa maji yamepungua mwilini, kumbe uchafu ungali mwingi. Ndiyo sababu tunapima yurea, takataka itokanayo na protini, kabla na baada ya kusafisha. Ikiwa ilikuwa 30 ikashuka hadi 15, tumeondoa asilimia 50 tu. Kwa anayesafishwa mara tatu kwa juma, lazima tuondoe angalau asilimia 65. Wa mara mbili, hasa asiyepata tena mkojo, huhitaji zaidi.

Hata damu ya mwisho ina utaratibu wake. Kwanza tunapunguza mwendo wa pampu, ndipo tunachota. La sivyo, damu iliyotoka kuoshwa huweza kuchanganyika humo, na hesabu ikatudanganya.

Ipo hesabu nyingine, waliyoieleza Wamarekani Frank Gotch na John Sargent mwaka 1985. Chukua baba mwenye lita 40 za maji mwilini. Mashine ikimsafishia mililita 200 kila dakika, kwa saa nne ni lita 48. Gawanya kwa 40, unapata 1.2, ambacho ndicho kiwango cha chini. Akitoka baada ya saa tatu ni lita 36, yaani 0.9. Amepoteza robo ya dawa yake.

Upungufu huo hauonekani siku ile. Huja polepole: chakula hakimpendezi, kichefuchefu hakimwachi, nguvu zinamwishia.

Basi, mama, usione haya kutuuliza, "Sista, kipimo chake cha mara hii ni ngapi?" Ni haki yako kujua. Kisha panga safari kwa gari la baadaye, umsogelee, umpe habari za nyumbani mpaka saa ya nne itimie. Kwa kazi hiyo, sisi wauguzi hatukufikii.