Kiti cha Mbele ya Shubaka

Nyumba ya Kijapani ya zamani ina sehemu moja katika chumba cha wageni ambayo hakuna anayeikanyaga. Huitwa tokonoma. Ni shubaka kubwa ukutani, sakafu yake imeinuka kidogo kupita mikeka, na ndani kuna picha au maandishi ya kutundika na chombo cha maua. Basi, mara nyingi hakuna kingine. Desturi hiyo ilikua enzi ya Muromachi (1336–1573), na mizizi yake imo katika kuweka uvumba na maua mbele ya picha takatifu za Kibudha.

Nilikuwa Kyoto miezi mitatu kwa mafunzo ya kazi, familia moja ikanialika chakula. Niliketi karibu na mlango, kama nilivyolelewa. Mwenyeji akanisihi nisogee mbele ya shubaka. Nikakataa, akasihi tena. (Kumbe kukataa kwanza ndiyo adabu yao pia.) Mgeni wa heshima huipa picha mgongo, wanaoiona ni wengine, wakimtazama yeye. Mwenye nyumba, mzee wa miaka sabini na kitu, alikaa mlangoni penye baridi. Nikakumbuka yale Bwana Yesu aliyofundisha juu ya viti vya karamuni, Luka 14, na chakula kikanipita kooni kwa shida.

Tangu hapo, nikiona picha za kuchapwa kwa vibao vya mbao, hasa za Suzuki Harunobu aliyefariki 1770, maua ya kwenye shubaka nayatazama baadaye. Kwanza natafuta nani kaketi wapi.

Nina sababu. Mama yangu, mjane, aliwahi kuinuliwa kwenye benchi la mbele katika kanisa moja kwa kuwa mgeni rasmi wa harambee amefika. Tangu siku ile, miaka kumi na minne sasa, hukaa benchi la mwisho.

Mwezi huu baraza letu la wazee litaamua kuhusu fedha za sofa za wageni rasmi. Nimepeleka pendekezo: sofa zisinunuliwe, sisi wazee tukae mlangoni, na benchi la mbele tumkaribishe aliyetembea kutoka mbali. Wawili wameniunga mkono, wengine wamenyamaza. Mama nilimweleza. Akasema nimefanya vema, ila yeye atabaki kulekule nyuma, kuna hewa.