Mwanya kwenye bodi: kazi ya tupa na saa moja

Leo naweka Java na hifadhidata kando kidogo, niongee juu ya bodi ya saketi, na hasa mwanya: ule mkato mwembamba unaopita bodi hadi upande wa pili.

Hapa Kitengela naunda kidude cha kuwasha pampu ya kisima huko Kajiado kwa SMS. Upande mmoja wa bodi kuna volti 5 na modemu. Upande wa pili kuna volti 240 za stima, zinazopita kwenye rilei kwenda kwa kontakta ya pampu. Ukiangalia chini ya zile rilei za buluu zinazouzwa kila duka, mguu wa katikati unaobeba stima umekaa kati ya miguu miwili ya koili. Majirani wabaya hao!

Stima haingoji waya. Vumbi letu hutua juu ya bodi, mvua za Novemba zinaleta unyevu, na umeme unaanza kutambaa usoni polepole. Unachoma, unaacha mkaa, na mkaa ndio unakuwa njia. Kwa hivyo nakata mwanya wa umbo la U kuuzunguka ule mguu. Umeme ukitaka kutambaa, lazima uzunguke mbali.

Mwanya usiwe mwembamba mno. Viwango vya IEC havihesabu ufa wa chini ya mm 1 mahali pa kawaida, au mm 1.5 palipo na uchafu na unyevu mwingi, kwa sababu ufa mdogo huweza kuzibwa. Mimi nakata mm 2. Pia kumbuka kwamba mwanya unarefusha njia ya usoni tu. Umbali wa hewani unabaki ule ule, kwa hivyo bado tenganisha shaba vya kutosha.

Ukiagiza kiwandani, kwenye KiCad chora mwanya kama umbo lililofungwa kwenye tabaka la Edge.Cuts. Ukiuchora kwenye tabaka la maandishi, utaletewa mstari wa rangi. Pembe za ndani zitatoka mviringo, maana chombo cha kukatia ni cha duara.

Kwa mkono? Toboa matundu ya mwisho kwanza, halafu ya kati ukiacha nafasi kidogo baina yao. Usisukume biti ya kabaidi upande, itakatika. Malizia na tupa nyembamba. Bodi hizi ni nyuzi za kioo na gundi, kwa hivyo lowesha maji, vaa barakoa, na usifanyie kazi hiyo mezani pa chakula.

Mzee anayeangalia kisima aliishika bodi akaniuliza, "Kijana, mbona umetoboa kitu kizima?"

"Mzee wangu, hapo ndipo stima inakatazwa kupita."

Akacheka, akaenda kujaza birika la ng'ombe. Huyo ndiye atakayebonyeza swichi ya kidude hiki mikono ikiwa na maji, na swichi iko upande wa volti 5. Programu mbovu nitaituma upya kutoka Kitengela jioni hiyo hiyo. Volti 240 zikivuka hadi kwenye swichi, sina cha kutuma. Kwa hiyo saa moja ya kupiga tupa naona ni bei nafuu sana.

Haya, tuonane wiki ijayo.