Amesema Nini Huko Mbele?

Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa nyuma ya Land Rover, nimebanwa kati ya gunia la maharage na bibi mmoja aliyempakata kuku. Tulitoka Nyamigogo tukielekea Biharamulo mjini, na dereva alikuwa baba yangu mdogo. Redio ilikuwa mbele kwake, na spika yake moja ilimtazama yeye na waungwana wawili waliolipia viti vya mbele. Sisi wa nyuma tulisikia injini, mabati yakigongana, na mara mojamoja kipande cha wimbo kilichopenya kwenye kidirisha.

Ghafla gari lilisimama katikati ya barabara. Neno la kwanza kutufikia lilikuwa "meli". La pili, "imezama". Aliyekaa karibu na kidirisha alimwambia jirani yake, jirani akamwambia bibi wa kuku, na habari ilipofika mkiani mwa gari ilikuwa imeshapata nyama: meli imezama Bukoba, abiria wote wameokolewa. Bibi akashukuru Mungu kwa sauti. Tulipoteremka mjini ndipo tukasikia kwamba ni MV Bukoba, imezama ikikaribia Mwanza, na waliokufa ni mamia. Kagera nzima ilikuwa na mtu ndani ya meli ile.

Baba mdogo hakumsahau bibi yule na shukrani zake. Alikuwa mtu wa mizaha, na mzaha wake mmoja aliutoa siku ile. "Tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema. "Wa nyuma watamsikiaje mkuu na spika iko mbele?"

Miaka miwili baadaye alipata gari lake mwenyewe. Ngara na Biharamulo zilikuwa zimetoka kwenye kipindi kisicho na mfano. Mwishoni mwa Aprili 1994, Warwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, na pale Benaco, mahali palipoachiwa jina na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, ukazuka mji wa turubai mkubwa kuliko miji yetu yote. Wakimbizi walipata hata redio ya kuwasemea: Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Desemba 1996 Warwanda wengi walirudishwa kwao, na baadhi ya mashirika yalipofunga virago, magari yao yakapigwa mnada. Baba mdogo akarudi nyumbani na Suzuki Samurai fupi, nyeupe, yenye paa la turubai linalofunguliwa kwa vifungo na zipu.

Kiangazi alilivua turubai lote na kuliweka chini ya kitanda. Gari la wazi! Watoto walilikimbilia kama wanavyokimbilia harusi. Nyuma lilikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, ya watu wanne kwa mujibu wa kiwanda na watu saba kwa mujibu wa baba mdogo. Dashibodi ilikuwa na redio kaseti ya kiwandani na spika mbili ndogo, kila moja ukubwa wa kisosi. Turubai likiwa limefungwa, sauti ilitosha. Likivuliwa, upepo uliichukua sauti kabla haijafika kwenye mabenchi, na wa nyuma wakaanza tena kuuliza: "Amesema nini huko mbele?"

Hapo ndipo alipoamua kuweka spika za nyuma.

Fundi wa kwanza alifanya kazi kwa saa moja. Alileta spika mbili zenye umbo la yai, inchi 6 kwa 9, akazifunga kwenye mabati ya ubavuni, kisha akadandia waya zake palepale kwenye waya za spika za mbele. Gari liliimba kwa siku mbili. Siku ya tatu, tukipanda kilima, redio ikanyamaza, na nilipoigusa ilikuwa ya moto kama pasi. Tukaizima, ikapoa, ikaimba tena, ikanyamaza tena.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa redio, mwenye kibanda karibu na soko na harufu ya risasi iliyoyeyuka. Hakugusa kitu kwanza. Aliuliza maswali, kama mganga. Kisha akatueleza kosa kwa mfano ambao sijausahau. Redio ile, alisema, imetengenezwa kubeba spika moja kila upande, yenye ukinzani wa omu 4. Ukiidandia ya pili sambamba, ukinzani unashuka hadi omu 2, na redio inalazimika kutoa umeme maradufu. "Ni punda mmoja umempakia mizigo ya punda wawili," alisema. "Hafi siku hiyohiyo." Akazifumua waya, akaziunga upya kwa mfuatano, umeme upite spika ya mbele kwanza ndipo uende ya nyuma. Omu zikawa 8. Redio ikapumua, ingawa sauti ilipungua.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Besi ilikuwa imepotea. Ngoma ilisikika kama mtu anayegonga boksi. Mzee akachukua betri ya National ya tochi na vipande viwili vya waya, akagusisha kwenye ncha za spika moja baada ya nyingine. Tatu, koni zake ziliruka kuja mbele. Ya nne ikarudi nyuma. "Huyu anavuta wenzake wakisukuma," akasema. Chanya na hasi zilikuwa zimebadilishana. Spika moja inapousukuma upepo, nyingine inaumeza, na sauti nzito ndiyo inayokufa kwanza. Alizibadilisha waya mbili tu, dakika mbili tu, na ngoma ikarudi.

Tulirudi kwake mara nyingi. Alitufundisha kwamba spika iliyo uchi katika gari lisilo na paa ni sawa na kusemea mtoni, kwa kuwa sauti ya mgongo wa koni huizunguka na kuiua ile ya mbele. Ilihitaji nyumba yake. Tukatengeneza visanduku viwili vya plaiwudi, tukavitia vipande vya godoro kuukuu ndani, tukavifunga kwa boliti chini ya mabenchi. Vumbi letu jekundu lilipoanza kula koni za karatasi, mama mdogo alishona vifuniko vya kitambaa chepesi, navyo vikafuliwa kila Jumamosi pamoja na sare zetu za shule. Mwisho ikaja amplifaya ndogo, yenye waya mnene wake kutoka kwenye betri na fyuzi yake mwenyewe, na punda akapata mwenzake.

Siku hizo barabara ya kwenda Ngara ilikuwa na pori la kuogopwa. Magari yalisubiriana Nyakahura mpaka wapatikane askari wa kuyasindikiza. Ndani ya pori baba mdogo alizima redio, akasema majambazi wasipewe ratiba. Lakini kwenye kusubiri, Suzuki ile ilikuwa kijiwe. Madereva wa malori walitoka vivulini wakaja kuegemea ubavuni mwake, upande wa nyuma, sauti ilikokuwa.

Tulikuwa pale asubuhi ya 14 Oktoba 1999. Muziki ulikatizwa, na Rais Mkapa akalitangazia taifa kwamba Mwalimu Nyerere amefariki dunia huko London. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, miguu juu ya kisanduku cha spika, nikalisikia neno lile kwa nyayo kabla ya masikio. Mzee mmoja mbele yangu alivua kofia. Dereva wa lori aliyekuwa anatafuna muwa aliacha taya wazi. Nikagundua kitu ambacho sikukitaja kwa mtu yeyote, maana siku ile haikuwa ya kuzungumzia spika: hakuna aliyeuliza amesema nini. Wa mbele na wa nyuma tulifiwa kwa pamoja.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Mwaka 2001 kaseti ya Saida Karoli ilitoka, binti wa Bukoba, na spika za nyuma zikafanya kazi ya harusi za vijiji vinne. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na vijana wenye mishahara wakaja na sabufa zinazotikisa vioo vya maduka. Kaseti ikawa sidii, sidii ikawa flashi. Yakaja magari ya Japani, michomoko na Noah, yenye spika mbele na nyuma tangu kiwandani, bila punda wala mganga. Noah yangu ilinisalimia kwa Kijapani kila nilipoiwasha, na redio yake ilikomea masafa ya 90, kwa sababu FM ya Japani ilipangwa kuanzia 76 hadi hapo. Stesheni zetu nyingi ziko juu yake. Nilikuwa na spika nne nzuri na karibu sina cha kuzisikilizisha, hadi fundi kijana aliponichomekea kiboksi cha kuyashusha masafa.

Usiku wa 17 Machi 2021 nilikuwa nimeegesha Lusahunga. Habari ya kifo cha Rais Magufuli, jirani yetu wa Chato, ilinifikia kwa mtetemo wa simu. Kwenye viti vya nyuma, mmoja alikwishajua, mwingine alikuwa bado anasoma, wa tatu alikuwa anabishana na aliyempigia. Spika zote nne zilikuwa kimya. Kila mtu alipata msiba kwa dakika yake.

Suzuki imebaki chuma nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani yake. Baba mdogo amezeeka na masikio yamechoka. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki. Akakataa kiti cha mbele, akasema magoti yanataka nafasi, akakaa nyuma kabisa. Redio ilianza taarifa ya habari. Nilimwona kwenye kioo akiinamisha kichwa kutafuta sauti, basi nikaisukuma yote nyuma, mpaka spika za mbele zikazimika kabisa.

Kilomita nzima niliendesha nikisikia matairi tu. Kwenye kioo mzee alikuwa anatikisa kichwa, anaguna, anacheka peke yake.

Nikashindwa kuvumilia. "Baba mdogo," nikaita, "amesema nini huko nyuma?"

"Endesha gari," akajibu. "Nitakusimulia tukifika."