Riruta: Picha nzuri ni ile inayorudi nyumbani

UKINUNUA kadi ya posta yenye picha ya Nairobi, aghalabu utapata moja kati ya mambo mawili: jumba la KICC na ghorofa zake 28, au twiga mbugani huku majumba ya jiji yakionekana kwa mbali nyuma yake. Riruta hutaiona. Hakuna basi la watalii linaloshusha wageni hapa. Lakini Jumapili alfajiri, kabla waumini hawajaanza kumiminika makanisani, huenda ukakuta vijana wanne watano wameinama kando ya dimbwi la maji barabarani, simu mikononi, kana kwamba wanatafuta shilingi iliyoanguka.

Usishtuke. Hawajapoteza kitu. Wanapiga picha.

Hawa si wapigapicha wa harusi wala wa magazeti. Miongoni mwao yuko fundi wa simu, mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa shule ya chekechea na dada mmoja mshonaji. Hakuna anayewalipa. Wanapiga picha kwa mapenzi tu, kisha hukutana kuonyeshana zile walizozipenda zaidi. Mwandishi wa makala haya aliandamana nao, na aliyoyaona yanamhusu kila mwenye simu yenye kamera mfukoni. Nani siku hizi hana?

Njia ya kufika

Kufika Riruta si kazi. Panda matatu yoyote inayofuata barabara ya Ngong kutoka katikati ya jiji. Utapita Adams Arcade, kisha ofisi za Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, na hapo karibu ni Dagoretti Corner. Shuka. Mkono wa kulia utaona barabara ya Naivasha, ile inayopita Riruta na kuendelea hadi Kawangware. Kuanzia hapo tumia miguu, kwa maana mtaa huu hauonekani vizuri dirishani mwa gari.

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni jinsi jiji na kijiji vilivyokaa bega kwa bega. Hapa pana nyumba ya ghorofa tano yenye nguo zilizoanikwa kila roshani. Ukuta kwa ukuta na ghorofa hiyo pana kibanda cha mabati, migomba mitatu na ng'ombe anayetafuna majani bila wasiwasi.

Kuna sababu. Eneo la Dagoretti, ambalo Riruta ni sehemu yake, halikuwa Nairobi tangu mwanzo. Lugard alipojenga ngome yake Dagoretti mwaka 1890, hapakuwa na jiji lolote. Reli ilifika mahali panapoitwa Nairobi miaka tisa baadaye, 1899. Wakati wa ukoloni eneo hili lilihesabiwa kuwa ardhi ya Wakikuyu chini ya Kiambu, na liliingizwa katika jiji mipaka ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Kwa hivyo ardhi nyingi hapa ni ya familia. Baba aliwagawia wanawe, nao wakawagawia wao. Mmoja akajenga vyumba vya kupangisha, mwingine akabaki na mahindi yake.

Kwa mpigapicha, hiyo ni karamu. Lakini ni karamu inayoondolewa mezani haraka. Nyumba ya mbao uliyoiona mwezi jana, leo ni shimo la msingi. Mti uliokuwa kivuli cha wacheza drafti, kesho ni kuni.

Mwanga wa asubuhi

Vijana hawa huanza matembezi yao saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na kwa sababu hiyo jua hupanda wima na kwa kasi. Ule mwanga laini wa rangi ya asali, unaopaka ukuta wa mabati ukaonekana kama dhahabu, haudumu hata saa moja. Kufika saa tatu vivuli vimekuwa vikali, macho ya watu yamezama gizani, na picha nzuri ni ya kubahatisha.

"Wengi hudhani Julai ni mwezi mbaya kwa sababu ya mawingu na baridi," anasema yule mwalimu. "Kwangu ndio mwezi wa nyuso. Wingu ni kama pazia jeupe mbele ya taa. Hakuna kivuli kibaya usoni."

Mvua ya Aprili nayo ina neema yake, ingawa wakazi wanaokanyaga matope huenda wasikubali. Madimbwi hugeuka vioo. Ndiyo maana vijana wetu walikuwa wameinama: ndani ya dimbwi moja la maji machafu walikuwa wameona matatu, nyaya za umeme na mawingu, vyote vikiwa kichwa chini miguu juu.

Picha moja tu kwa kila mtu

Baada ya matembezi, kikundi huingia katika kibanda cha chai. Chai ya maziwa huletwa, mandazi hufuata, na kikao huanza. Sharti lao ni moja: kila mtu huonyesha picha moja tu ya wiki hiyo. Anaweza kuwa amepiga mia mbili. Lazima achague.

Sharti hilo linarudisha kitu ambacho simu ilituondolea. Enzi za filamu, mkanda mmoja ulikuwa na picha 24 au 36, na kila ulipobonyeza ulijua fedha zimetoka. Ulitazama kabla ya kupiga. Leo tunapiga kwanza, na mara nyingi hatutazami kabisa.

Fundi wa simu alitoa picha ya ng'ombe anayechungulia kati ya kuta mbili za ghorofa, kama mpangaji anayedaiwa kodi. Wote wakacheka. Mwalimu akaonyesha mikono ya mama mboga akikatakata sukumawiki. Uso haupo, ni vidole, kisu na kijani kitupu. Mwenzake akamuuliza kwa nini uso ameuacha. Akajibu kwamba mama mwenyewe alisema, "Mwanangu, leo sijafunga kilemba vizuri, piga mikono."

Kisha ikaja zamu ya mwanafunzi. Picha yake ilikuwa ya mtoto wa miaka minne hivi, akiruka mtaro wa maji taka, miguu hewani, fulana imechanika begani, na nyuma yake mwanga wa asubuhi. Kwa kweli ilikuwa picha ya kupendeza mno. Simu ikapitishwa mkono kwa mkono. Fundi akasema picha kama hiyo ikiwekwa mtandaoni itapendwa na maelfu.

Dada mshonaji ndiye aliyekuwa wa mwisho kuishika. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu.

"Mama yake ameiona?"

Kibanda kikawa kimya.

Deni la mpigapicha

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Wasomaji wa umri mkubwa watawakumbuka wapigapicha waliozunguka Uhuru Park na mitaani wakiwa na kamera shingoni. Ulisimama, ukashika kiuno, ukapigwa. Ukalipa sehemu ya fedha, na kilichobaki ulilipa alipokuletea picha yako. Asipoileta, hapati. Ni kweli ilikuwa biashara, lakini ndani yake mlikuwa na adabu: aliyepigwa picha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipokea. Picha ikawekwa katika albamu, nayo albamu ikawekwa mezani wageni walipokuja.

Simu imekata kamba hiyo. Leo picha ya mtoto wa Riruta yaweza kutazamwa London na Chicago kabla ya saa sita mchana, na mama yake anayefua nguo hatua ishirini kutoka pale asijue chochote.

Sheria nayo imeamka. Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019. Haimkatazi mtu kupiga picha za nyumbani kwa matumizi yake binafsi, lakini mambo hubadilika picha ya mtu inapotumiwa kujitangaza au kutafutia biashara. Septemba 2023, Kamishna wa Kulinda Data alitoza shule moja ya Uthiru, mtaa ulio jirani na Riruta, faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu moja ya burudani jijini nayo ikatozwa Sh1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja ambaye hakukubali. Mzazi mwenye mtoto shuleni ana haki ya kuuliza picha za mwanawe zinakwenda wapi.

Hata hivyo, mtu anaweza kubisha, na ana hoja. Mohamed Amin, mzaliwa wa Eastleigh aliyeanza akiwa mvulana na kamera ndogo ya Box Brownie, alipiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Waliokuwa wakifa kule Korem hawakuulizwa mmoja mmoja. Dunia ilipoona, ikatoa chakula. Je, angengoja ruhusa? La, ziko nyakati ambapo picha ni king'ora. Lakini tuseme ukweli: mtoto anayeruka mtaro Jumapili asubuhi si njaa ya Korem. Pale hapakuwa na haraka yoyote isipokuwa haraka ya kusifiwa.

Tena tuna mifano mingine hapa hapa Nairobi. Mwaka 1997 mradi ulioitwa Shootback uliwapa vijana wa chama cha michezo cha MYSA kule Mathare kamera za plastiki za bei nafuu. Wao wenyewe wakapiga picha za maisha yao, wakaandika maneno yao, na mwaka 1999 kikatoka kitabu. Mmoja wao, Julius Mwelu, alikua akawa mpigapicha na kuanzisha wakfu wa kuwafunza watoto wengine wa Mathare. Halafu mwaka 2009, Boniface Mwangi alianzisha Picha Mtaani. Alichukua picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100, akazitundika barabarani ili wananchi wenyewe wazitazame. Hakuziacha katika kumbi za wageni. Alizirudisha kwa wenyewe.

Picha iliyotundikwa ukutani

Yule mwanafunzi hakuiweka picha yake mtandaoni siku ile. Jumamosi iliyofuata alimtafuta mama wa mtoto na kumwonyesha. Mama aliitazama, akatikisa kichwa.

"Mtoto wangu si wa mtaroni," akamwambia. "Ngoja nimwogeshe."

Akamwogesha, akampaka mafuta, akamvisha nguo za kanisani na kumsimamisha mbele ya mlango wa bluu. Mwanafunzi akapiga. Wiki hiyo akaichapisha katika duka la picha na kumpelekea. Sasa imetundikwa ukutani, juu ya redio, na nyanya ya mtoto aliyekuja kutoka mashambani ameomba nakala yake.

Kikao kilichofuata kilikuwa na ubishi mkubwa. Fundi alishikilia kwamba ile ya kwanza ndiyo picha, na kwamba hii ya pili ni ya kawaida, kama ya kitambulisho. Kwa macho ya ufundi alikuwa na haki. Dada mshonaji akamjibu kwamba ile ya kwanza ilimwonyesha mtoto jinsi wapita njia wanavyomwona, na ya pili inamwonyesha jinsi nyumbani kwao wanavyomwona. Hawakuafikiana, na chai ikapoa.

Lakini jambo moja walikubaliana. Tangu siku hiyo, anayeleta picha yenye sura ya mtu huulizwa kwanza kama mwenyewe ameiona. Matokeo yake hawakuyatarajia. Watu ambao zamani waliwafukuza, wakidhani ni wapelelezi wa baraza la jiji au wa mwenye ploti, sasa huwaita. Mzee mmoja aliyebomoa nyumba yake ya mbao ili ajenge ghorofa aliwatafuta kabla ya kutoa bati la kwanza. "Njooni mpige," aliwaambia. "Watoto wangu wote saba walizaliwa humu." Picha hiyo ndiyo pekee inayoonyesha nyumba ile ilivyokuwa.

Basi msomaji, ikiwa Jumapili hii huna la kufanya, wachukue watoto uende nao Riruta au mtaa wowote ulio karibu nawe. Fika mapema. Mgongo wako uelekee jua. Ukimpiga mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera isimfanye kivuli. Usielekeze kamera kwenye kituo cha polisi wala kambi ya jeshi. Salimia kwanza: "Shikamoo mama, naomba nikupige picha," na akikataa, mshukuru na uende zako.

Akikubali, mwonyeshe papo hapo. Na ikiwa imetoka vizuri, ichapishe, umrudie nayo mkononi. Simu huibwa, huanguka chooni, huzeeka. Karatasi iliyo ukutani kwa mtu haihitaji chaji.