Gari Langoni mwa Shule



Ukitaka kujua jinsi watu wa mji wetu wanavyopimana siku hizi, huna haja ya kwenda hotelini wala kwenye karamu ya harusi. Nenda asubuhi, saa moja kasorobo, ukasimame mbele ya lango la shule yo yote ya kulipia hapa Mwanza, utazame jinsi watoto wanavyoshushwa.

Wa kwanza kufika ni wale waendao kwa miguu, wakiteremka kwenye vijia vya mawe kutoka milimani, viatu mkononi ikiwa mvua imenyesha usiku. Hufuata pikipiki, na huenda moja ikawa na watoto watatu nyuma ya dereva, mtindo ambao kwa utani tumeuita mshikaki, ingawa hakuna cha kuchekesha ndani yake. Kisha huja mabasi ya njano ya shule. Baada yake ni magari madogo ya watu wa mshahara kama mimi, na mwisho, kengele ikikaribia, ni yale makubwa yenye vioo vyeusi ambayo watu wameyapa jina la mashangingi. Mlinzi wa lango hakupewa maandishi ya kumwongoza, lakini anaijua kazi yake. Pikipiki huonyeshwa kidole zisimame mbali. Gari dogo hufunguliwa lango nusu. Gari kubwa hufunguliwa lango lote, na saluti juu yake.

Nataka nikueleze jinsi saluti hiyo ilivyonigharimu paa la nyumba.

Mimi nakaa Buhongwa na kazi yangu iko mjini kati. Shule ya binti yangu, ambaye yuko darasa la tano, iko njiani, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nikimpeleka mwenyewe. Gari langu lilikuwa kuukuu, nililouziwa na mwenzangu wa ofisini aliyestaafu. Rangi yake ilikuwa imepauka, na mlango wa nyuma ulikuwa haufunguki kwa ndani, hata ikawa sharti nishuke nizunguke nimfungulie binti yangu kama dereva anayemfungulia mkubwa wake. Tulikuwa tukilicheka jambo hilo, yeye na mimi.

Siku moja ya mwezi wa pili, tulipofika kwenye mwembe ulioko hatua kama mia mbili kabla ya lango, aliniambia, “Baba, nishushe hapa hapa.” Nikamshusha. Kesho yake akasema vile vile, na kesho kutwa pia. Nikabaki nimeshika usukani, nikimwona katika kioo amesimama chini ya mwembe akingoja niondoke. Moyo ulinichoma. Nilisema moyoni: mtoto amekua, ameanza kulionea haya gari la baba yake.

Usiku nilimwambia mama watoto. Yeye aliniuliza neno moja tu: je, nimemwuliza mwenyewe? Nilimjibu kwa ukali kwamba mambo mengine hayaulizwi, yanaonekana.

Wakati huo nyumba yetu ilikuwa imesimama kuta, nasi tulikuwa tumeweka akiba ya mbao na mabati. Nilikwenda kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, nikakopa kwa miaka minne, nikaagiza Harrier iliyokwisha tumika kutoka Japani. Bei ya gari niliiuliza. Bei ya kulitoa bandarini Dar es Salaam sikuiuliza vya kutosha. Anayejua mambo hayo atanicheka: ushuru wa forodha ni asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, kuna ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, na gari likifikisha miaka minane hutozwa pia kwa uchakavu wake. Kila kodi hupandia juu ya mgongo wa nyingine. Mkopo haukutosha. Fedha za mbao zikaenda, na za mabati zikazifuata.

Lakini siku ya kwanza, ndugu msomaji, sitaki kukudanganya: nilifurahi. Tulipofika kwenye mwembe binti yangu alisema, “Baba, nishushe hapa.” Nilicheka, nikamwambia leo hakuna kushuka kwenye vumbi. Nikaenda moja kwa moja. Mlinzi yule yule, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kuniangalia usoni, alifungua lango lote na kupiga saluti. Nami, Mungu anisamehe, niliirudisha. Binti yangu alishuka bila kuniaga.

Ikawa hivyo wiki nzima. Gari jipya, mtoto amenuna. Ijumaa jioni nilimwita barazani, nikafanya lile ambalo mama yake alinishauri mapema. Nilimwuliza.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akanieleza kwamba anaye rafiki yake wa darasa moja, anayekaa milimani juu ya Mkuyuni na kuja shuleni kwa miguu. Walikuwa wamekubaliana kukutana chini ya mwembe ili waingie pamoja. “Sasa hanisubiri tena,” alisema. “Anasema watoto wa magari wana wenzao.”

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Alinijibu akitazama chini: “Mama yake ndiye anayekaanga mapanki pale barabarani. Wewe, baba, ulisema tufunge vioo tusije tukafika tunanuka.”

Kwa msomaji aliye mbali na Ziwa Victoria, mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa ng'ambo. Minofu huenda Ulaya, na mifupa hukaangwa kando ya barabara zetu ikawa kitoweo cha watu wa kipato kidogo. Mama yule, kwa kukaanga mifupa hiyo, alikuwa akilipa karo ya shule ile ile niliyokuwa nikiilipa mimi kwa mshahara. Nami nilipokuwa nikipita mbele ya karai lake nilifunga kioo na kufanya mzaha. Mzaha wenyewe nilikuwa nimeusahau kabisa. Mtoto aliyeketi nyuma hakuusahau.

Kumbe yeye hakulionea haya gari bovu. Alimwonea haya baba yake, na kwa sababu ya ulimi wake.

Wazee wetu walikuwa na jina la ugonjwa huu. Waliuita kasumba. Wala haukuanza leo. Mara baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, wananchi wa Afrika Mashariki walibuni kabila jipya wakaliita Wabenzi, yaani wale waliojitenga na wenzao kwa gari la Mercedes Benz. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha na hisa katika makampuni. Halikumkataza kuwa na gari. Labda waandishi wake walijua kwamba hamu ya kutazamwa haina sheria ya kuitoa moyoni mwa mtu.

Nisije nikaonekana nasifu zamani kupita kiasi. Mimi nilisoma shule ya msingi hapa hapa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati matunda ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulioanza mwaka 1977 yalipokuwa yamejaza madarasa kuliko madawati. Sote tulikwenda kwa miguu, mkono mmoja una fagio, mwingine una kidumu cha maji. Lakini usidhani tulikuwa malaika. Petroli ilikuwa adimu, na gari la meneja fulani lilipopita, aghalabu Peugeot au Land Rover ya shirika, tulikuwa tukilikimbilia kwa nyuma ili tunuse moshi wake. Mtoto wa meneja yule alipoketi dirishani, tulimwonea wivu hadi mchana. Tofauti ni kwamba gari lilikuwa moja, na sisi wa miguu tulikuwa umati. Hakuna aliyekuwa peke yake chini ya mwembe.

Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliwahimiza watu binafsi kufungua shule. Mambo hayo mawili, gari la mitumba na shule ya kulipia, yalikutana mbele ya lango, na sisi wazazi tukayafanya kuwa mizani.

Wala simlaumu mzazi anayempeleka mtoto kwa gari. Sababu za haki zipo. Mwanafunzi wa daladala hulipa nauli ya shilingi 200, na kwa kuwa mtu mzima hulipa zaidi ya mara mbili ya hiyo, kondakta mwenye haraka ya fedha humsukuma mtoto mlangoni au humwacha kituoni mpaka asubuhi iishe. Mwezi Mei 2017 basi la shule lilitumbukia korongoni huko Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wao wawili na dereva. Mzazi aliyeyasikia hayo akaamua kumshika mtoto wake mkono mwenyewe mpaka darasani, nani atamhukumu? Gari lililonunuliwa kwa ajili ya usalama wa mtoto, kwa fedha iliyopo, ni chombo cha nyumbani kama jiko na kitanda. Ninalozungumzia mimi ni lile linalonunuliwa kwa ajili ya macho ya mlinzi wa lango.

Na deni lake halikawii. Muhula wa pili, karo ilinishinda kwa wakati. Binti yangu alirudi nyumbani na barua ndani ya bahasha, katika gari lililofunguliwa lango lote. Nyumba ingali kuta, na masika yaliyopita yaliyala matofali ya juu tukiyatazama. Nimefikiri kuuza gari, lakini bei niliyoahidiwa haifikii deni, kwa hiyo nalipa mwezi hata mwezi. Nguo ya kuazima haisitiri, walisema wahenga, na mimi nilidhani walisema juu ya nguo tu.

Jumatatu iliyofuata mazungumzo yale nilisimamisha gari kwenye karai la mama yule. Nilimsalimu, nikajitambulisha kuwa baba wa rafiki wa binti yake, nikanunua mapanki ya shilingi elfu mbili. Nilikuwa nimejitayarisha kuomba radhi, lakini niliona ya kwamba yeye hajui nilichosema, na kumweleza kungekuwa kumtupia mzigo wangu. Basi nikamwambia kwamba, kama hatajali, naweza kumpitia binti yake kila asubuhi. Aliyageuza mapanki yake kwanza, ndipo akajibu. “Ahsante, baba. Siku za mvua nitashukuru. Siku nyingine waache watembee kutoka pale mwembeni. Hapo ndipo wanapozungumza.”

Sikutegemea jibu hilo. Nilikuwa nimekuja na gari kama mtu anayekuja na zawadi, naye alipokea kile alichokihitaji, akaniachia kilichobaki.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Asubuhi ya mvua tunao watoto wawili nyuma, wanaongea kwa sauti ndogo ili nisisikie. Asubuhi ya jua namshusha binti yangu kwenye mwembe, na mwenzake huwa ameshafika au yuaja. Urafiki ulirudi, lakini haukurudi siku moja. Ulichukua majuma, na baadhi ya siku binti yangu alingoja pale mpaka kengele ikalia bila kumwona mtu. Hilo nalo alilipa yeye, si mimi. Tangu hapo sijaingia lango lile kwa gari ila siku ya mvua, na saluti yangu bila shaka amepewa mwingine.

Mzazi mwenzangu, sina mamlaka ya kukuambia ununue gari gani au usinunue. Kila mtu anajua mshahara wake na moyo wake. Neno langu ni dogo. Kabla hujakopa kwa sababu ya aibu ya mtoto, muulize mtoto kama anayo. Huenda ukakuta aibu hiyo ni yako, nawe umempa yeye aibebe.

Leo ni Jumapili. Kesho alfajiri baadhi yetu tutawasha magari, wengine watapakia watoto kwenye pikipiki, na wengine watawafunga kamba za viatu na kuwasindikiza mpaka njia panda. Njiani tutawaona wazazi wenzetu, na neno la mzaha litatujia mdomoni. Kabla hujalitoa, tazama kioo cha juu, umwone nani ameketi nyuma anasikiliza.